Irudishwe Mara Moja

Breka ilikuwa juu.

Inspekta aliitazama mara ya tatu. Alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa masizi. Boksi la umeme la nyumba ya Mama Sare lilikuwa limebaki ukutani, limejikunja kwa moto, na ndani yake zile swichi ndogo nne zilikuwa zimeyeyuka nusunusu. Tatu zilikuwa zimeshuka. Moja tu, ile yenye kitufe cha bluu, ilikuwa imesimama juu kama vile nyumba haikuungua.

"Koplo, njoo uone."

Koplo alikuwa mlangoni, ameziba pua kwa leso. Alikuwa mtu mzima mwenye tumbo la heshima na mdomo usiopumzika, lakini tangu waingie mle ndani hakuwa ametania hata mara moja. Chumba cha nyuma ndimo alimokutwa marehemu, juzi alasiri, kitandani, amejifunika shuka mpaka kichwani kama mtu mwenye homa. Sebuleni vilibaki vyerehani viwili, mbao zimekwisha, chuma tupu. Sakafuni vifungo vya sare za shule vilikuwa vimeyeyuka vikashikana, kila fungu na rangi yake.

"Naona swichi, afande."

"Breka kazi yake nini?"

"Umeme ukizidi inajikata. Inashuka yenyewe."

"Waya zimeungua. Pasi imeungua. Nyumba nzima imeungua. Hii haikushuka."

"Si ndizo hizo mbovu zilizotangazwa?" Koplo alihesabu kwa vidole. "Kiwanda kimesema breka za kitufe cha bluu ni mbovu. Duka likatoa karatasi. Bisibisi akapewa kazi ya kuzunguka nyumba alizozifungia, awape watu taarifa. Hakuzunguka. Mama wa watu amekufa. Mimi naona faili limejaa."

"Limejaa au limenenepa?"

Koplo alijishika tumbo. "Usinianze asubuhi hii, afande."

Kituoni walimwita Inspekta Taratibu, wengine kwa kumsifu, wengine kwa kumchoka. Mkuu wa kituo alikuwa miongoni mwa waliomchoka. Jana jioni alimwambia wazi: kesho yake saa nane mchana fundi umeme yule, anayeitwa Bisibisi mtaa mzima, apelekwe mahakamani kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Sasa ilikuwa saa tatu.

Inspekta alichuchumaa. Mlango wa boksi ulikuwa umeanguka sakafuni, uso wake umelala chini. Aliugeuza kwa ncha ya kalamu. Upande ule haukuwa mweusi sana. Rangi ya bati ilikuwa imebaki kijivu, na katikati palikuwa na alama ya kitu chenye pembe nne, nyeupe, na kwenye kila pembe doa la gundi iliyokauka.

"Hapa palibandikwa karatasi," alisema.

"Bisibisi kasema kabandika."

"Na wewe ukasema muongo."

"Bado nasema."

Inspekta alitoa kwenye faili ile taarifa ya duka, karatasi nzima iliyojaa maandishi madogo, akaiweka juu ya alama. Karatasi ilizidi huku na huku. Alama ilikuwa ndogo, urefu wa kiganja, upana wa vidole vinne.

"Basi hiyo ni kalenda," Koplo alisema. "Au risiti."

"Kwenye boksi la umeme?"

"Watu wanabandika popote. Mke wangu kabandika ratiba ya dawa kwenye friji, na hakuna anayeumwa."

Inspekta aliipima alama kwa rula, akaandika vipimo, akaondoka.

*

Mke wa Bisibisi alikuwa kwenye benchi la kituo tangu mlango ufunguliwe. Mapajani alikuwa na mfuko, ndani ya mfuko shati lililopigwa pasi likakunjwa vizuri.

"Afande," alisema akisimama. "Nisaidie tu hili. Siku ya tatu yuko na shati lile lile. Kama atasimama mbele ya hakimu, asisimame kama mwizi wa kuku."

"Nitamwita. Utampa mwenyewe."

"Ataachiwa?"

"Sijajua."

"Yule mtu hajui kuacha kitu nusu, afande. Hata akifunga balbu kwa jirani, usiku anaamka kuniuliza kama ameikaza."

Bisibisi aliletwa chumba cha mahojiano. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alikaa akiwa ameegemeza mikono mezani kama mtu aliyezoea kushika kitu na leo amenyang'anywa. Mbele yake Inspekta aliweka daftari la fundi mwenyewe, lile la mistari, lenye nyumba thelathini na nane, kila nyumba na namba ya simu na sahihi.

"Daftari hili ulilipeleka kwa nani?"

"Mwenye duka alitaka. Kila mtu asaini kwamba amepata taarifa."

"Sahihi zote ni za watu wenyewe?"

"Za wenyewe. Nani angenisainia?"

"Wewe," alisema Koplo kutoka kwenye kona. "Ungekaa chini ya mti, ukasaini zote thelathini na nane, kisha ukaenda kunywa chai."

"Mzee, mimi mwandiko wangu ni mmoja tu, na nao unaniponyoka."

Inspekta alifungua ukurasa wa pili. "Ya Mama Sare ni ipi?"

"Hiyo ya bluu."

Ilikuwa ya bluu kweli, nene, imefifia pembeni. Inspekta aliipitishia kidole kidogo tu. Ncha ya kidole ikabaki na unga wa bluu.

"Hii siyo kalamu."

"Ni chaki ya kushonea. Kalamu yangu ilikataa kuandika. Akachukua chaki yake mezani akasaini. Nikamwambia mama, itafutika. Hakunijibu. Alikuwa na pini mdomoni, saba, nane hivi. Shule zinafunguliwa, sare zimejaa mpaka kwenye viti."

"Kwa hiyo hamkuzungumza."

"Nilizungumza mimi. Nilimwambia kuna taarifa ya breka. Akanionyesha boksi kwa mkono, bandika pale. Nikabandika. Nikamwambia, mama, fuateni kilichoandikwa. Akaitikia kwa kichwa. Nikaenda nyumba ya pili."

"Na huko?"

"Vile vile. Mdomo watu wanasahau, afande. Karatasi ukiibandika pale pale kwenye boksi, kila anayekuja kushika swichi ataiona."

"Ulibandika hii?" Inspekta alimwekea taarifa ya duka.

Bisibisi aliitazama kama mtu anayeonyeshwa nguo ya mwingine. "Ile barua ndefu? Hapana. Hiyo nani anaisoma? Maneno ya kiwakili mwanzo mpaka mwisho. Mimi mwenyewe niliisoma nikafika katikati nikasinzia. Nilichukua lile neno lake la maana, nikaliandika kwa kalamu nene, herufi kubwa, hata mtoto wa darasa la pili asome. Mke wangu akanikatia vikaratasi. Hivi." Alipima hewani kwa vidole. Urefu wa kiganja, upana wa vidole vinne.

Inspekta alitazama vile vidole, kisha akamtazama Koplo. Koplo alitazama dirisha.

"Uliandika neno gani?"

"Breka hii irudishwe mara moja. Basi. Na alama mbili za mshangao, wasichukulie mzaha."

"Nyumba zote?"

"Zote. Neno moja."

Inspekta aliandika. Breka hii irudishwe mara moja. Akapiga mstari chini yake.

Hapo hapo taa ikazimika na feni ya dari ikaanza kupunguza mwendo. Kutoka korido mtu akapiga kelele: "Nani kachomeka birika tena? Irudisheni hiyo!" Mlango wa boksi ukalia, kitu kikasema *tak*, na feni ikaanza kuzunguka tena.

Bisibisi alikuwa ameinua macho kwenye dari. "Mmejaza vitu vingi kwenye laini moja," alisema. "Ipo siku mtaungua." Kisha akakumbuka alipo, akayashusha macho.

*

Mwenye duka la vifaa vya umeme alikuwa mama mmoja mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, na aliutafuta huo wa kichwani kwa dakika nzima kabla ya kufungua kitabu chake.

"Za bluu niliuza sitini na moja," alisema. "Zimerudishwa ishirini na tatu. Bado thelathini na nane."

"Thelathini na nane ni zile za Bisibisi," alisema Inspekta.

"Za Bisibisi zote. Haijarudi hata moja."

Koplo alipiga kofi juu ya kaunta mpaka paketi za misumari zikaruka. "Hata moja! Afande, unataka nini tena? Angekwenda kweli, si angalau mmoja angerudisha?"

"Hicho ndicho kinachonisumbua," alisema Inspekta.

"Kinakusumbua nini? Mimi kimenifurahisha."

"Chaki ile ni ya Mama Sare. Kwa hiyo alikwenda. Alama kwenye boksi ni ya karatasi yake. Kwa hiyo alibandika. Sasa watu thelathini na nane wamebandikiwa onyo, wameweka sahihi, na hakuna hata mmoja aliyeleta breka. Mtu mmoja mvivu, sawa. Kumi wavivu, sawa. Thelathini na nane, wote? Hakuna hata mwoga mmoja?" Alimgeukia mama wa duka. "Hizi ishirini na tatu zililetwa na nani?"

"Wateja wa hapa kaunta. Kila aliyekuja kununua balbu nilimshika mkono. Nikamwambia ile breka ya bluu ni mbovu, ing'olewe, niletee hapa nikupe mpya. Siku hiyo hiyo unamwona karudi nayo kwenye mfuko."

"Wote uliowaambia walirudi?"

"Wote ishirini na tatu. Nani anataka kuungua?"

Inspekta aligonga kalamu kwenye daftari. Walioambiwa kwa mdomo wamekuja wote. Waliosoma karatasi hajaja hata mmoja. Aliyaandika hayo mawili, moja juu ya jingine, akakaa kuyatazama muda mrefu kidogo hata mteja mmoja aliyetaka soketi akaghairi akaondoka.

"Unanifukuzia watu, mwanangu," alisema mama wa duka.

"Ubovu wake ni upi hasa, mama?"

Mama alichukua breka moja kwenye kasha la zilizorudi, akaipasua kwa bisibisi kama anayepasua karanga. Ndani palikuwa na chemchemi nyembamba na vijilimi viwili vya chuma.

"Chemchemi hii ni dhaifu. Kwanza inashuka ovyo, hata kwa pasi tu. Hilo ni usumbufu, siyo hatari. Hatari ni hivi vijilimi. Kila ukiisukuma juu ingali ya moto, vinaumana. Leo vinaumana kidogo, kesho kidogo. Ukiiacha ipoe hakuna neno. Ukiikimbiza, mwisho vinaganda. Hapo hata mji mzima uungue, yenyewe haishuki."

"Inahitaji mara ngapi?"

"Barua ya kiwanda inasema kumi na tano, ishirini. Ndiyo maana wakasema zing'olewe haraka haraka. Kwa matumizi ya kawaida inachukua miaka."

"Nyumba ya Mama Sare ilifungwa breka lini?"

Mama alirudi kwenye kitabu. "Mwezi wa nne mwaka jana."

"Mwaka mzima na zaidi haikuganda," Inspekta alisema. "Karatasi imebandikwa wiki tatu zilizopita. Ndani ya wiki tatu imeganda."

Koplo alizipanga upya zile paketi za misumari, moja moja.

*

Mdogo wa marehemu walimkuta nyumba ya jirani, chumba cha uani. Alikuwa msichana wa miaka kama ishirini, na alikuwa amekaa mkekani anakunja sketi moja ya shule, anaikunjua, anaikunja tena. Ndiyo sare pekee iliyobaki. Mteja aliirudisha asubuhi ile kwa kuwa kiuno kilibana.

"Pole sana, mdogo wangu," alisema Inspekta, akakaa mkekani pia. Koplo alibaki amesimama na daftari, hakujua aweke wapi tumbo lake.

"Nimeshapoa, afande."

"Unamkumbuka fundi aliyekuja na karatasi?"

"Bisibisi? Namkumbuka. Nilicheka sana siku ile. Kalamu yake ilikataa, dada akamsainia kwa chaki. Nikamwambia dada, sasa umemchukua fundi kipimo cha suruali." Alitabasamu, kisha tabasamu likamwisha usoni. "Alikuwa na pini mdomoni, akicheka anajichoma."

Inspekta alimtupia Koplo jicho. Koplo aliandika.

"Mliisoma karatasi?"

"Mimi ndiye niliyemsomea. Dada macho yake yalikuwa yamechoka na uzi."

"Iliandikwaje?"

Msichana alifumba macho. "Breka hii irudishwe mara moja. Kwa herufi kubwa."

"Mkafanya nini?"

"Tukafanya hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Tuliirudisha."

"Mwenye duka hakuiona," alisema Koplo. "Mliirudisha kwa nani?"

Msichana alifumbua macho. Alimtazama Koplo, akamtazama Inspekta, akijaribu kuona ni yupi kati yao asiyeelewa Kiswahili.

"Dukani? Kwa nini dukani? Juu, mzee. Ikishuka, tuliirudisha juu." Alinyoosha mkono, akasukuma kitu hewani kwa kidole gumba. "Mara moja. Kama ilivyoandikwa."

Nje ya chumba mtu alikuwa anaosha vyombo. Sufuria zilisikika, moja, mbili.

"Zamani haikuwa hivyo," aliendelea msichana, sasa anaeleza kwa bidii, kama mtu anayetaka asadikiwe. "Zamani ikishuka dada alikuwa anasema iache, ipoe, na sisi tupumzike, tunywe chai. Hata nusu saa. Fundi alipobandika ile karatasi, dada akasema, kumbe siku zote tulikuwa tunakosea. Inatakiwa irudishwe mara moja, labda ikikaa chini inaharibika. Basi ikawa kazi yangu. Ikisema *tak* tu, mimi naruka. Dada alikuwa ananitania, anasema nimeolewa na boksi."

Kalamu ya Koplo ilikuwa imesimama.

"Na juzi?" Inspekta aliuliza.

"Juzi ilishuka mara nne. Dada alikuwa na homa, amelala. Nilikuwa napiga pasi sare za kupeleka shuleni. Mara ya nne nilishajitwisha mzigo, niko mlangoni. Nikarudi, nikairudisha. Ikakaa. Haikushuka tena. Pasi nimeiacha kwenye umeme, nikijua narudi sasa hivi. Nikamwambia dada, leo imekubali. Akasema, afadhali." Aliikunja sketi, akailaza, akaipapasa kwa kiganja. "Basi. Afadhali. Sikumsikia tena."

Msichana aliinua uso. Ilikuwa wazi kwamba ameanza kuona kitu kwenye nyuso zao, ila hajakijua.

"Kwani tulikosea, afande?"

Inspekta alikuwa na majibu mengi kwa watu waliouliza maswali magumu. Miaka kumi na moja ya kazi ilimpa majibu hayo. Hakulitumia hata moja.

"Hapana," alisema. "Mlifanya kama ilivyoandikwa."

*

Nje, Koplo aliegemea ukuta.

"Mimi nilikuwepo," alisema. "Nilikuwa kwenye kona pale alipolitaja neno lile. Nimelisikia kwa masikio haya. Sikuona kitu."

"Mimi nimeliandika kwa mkono wangu, nikalipigia mstari."

"Irudisheni hiyo," Koplo alisema polepole, kwa sauti ya yule mtu wa korido. "Birika. Dakika ile ile, afande. Fundi mwenyewe akainua kichwa akatazama feni. Lilitupitia juu ya vichwa, sote watatu."

"Wamebaki thelathini na saba."

Koplo alimtazama.

"Nyumba thelathini na saba, Koplo. Kwa wiki tatu sasa. Kila nyumba kuna mtu anayeruka ikisema *tak*." Alikuwa ameshatoa daftari la Bisibisi kwenye mkoba. "Namba za simu zimo. Anza juu, mimi nianze chini. Wazime swichi kubwa, wasiguse kitu mpaka fundi afike. Na lile neno usilitumie."

"Neno lipi?"

"Hilo. Usilitamke kabisa. Ukilitamka wataelewa wanavyolielewa wao."

Koplo alipiga namba ya kwanza pale pale ukutani. Inspekta alimsikia akihangaika: "Mama, nakuomba. Ile breka ya bluu. Ndiyo, yenye karatasi. Usii... usiisukume. Hapana, mama, siyo kwamba unachelewa! Mara ngapi? Kwa siku?" Akasikiliza, akashika paji la uso. "Toka nje kwanza, mama. Zima kubwa, halafu toka nje na watoto."

*

Saa saba na nusu Inspekta aliingia kituoni. Mkuu wa kituo alikuwa amesimama kwenye korido na funguo za gari mkononi.

"Yuko tayari?"

"Haendi mahakamani leo, bosi. Nyumba zote alikwenda. Karatasi zote alibandika. Nina shahidi na nina chaki."

"Basi mama yule amekufa kwa nini?"

"Nipe nusu saa nikueleze. Kwanza namhitaji yeye na vifaa vyake. Nyumba ishirini na sita tumezipata kwa simu. Kumi na moja hawapokei, na yeye ndiye anayejua milango yao."

Mkuu alimtazama usoni, akaona kitu kilichomfanya arudishe funguo mfukoni bila kubisha.

Bisibisi alitolewa. Mkewe alisimama kwenye benchi, mfuko mkononi, akalia bila sauti, akacheka, akalitoa shati.

"Wameamini nilibandika?" Bisibisi aliuliza. Alikuwa anavua lile la zamani mle mle koridoni, hana hata aibu kwa furaha.

"Ulibandika," alisema Inspekta. "Thelathini na nane."

"Si nilikwambia!" Alimgeukia mkewe. "Nilikwambia, kazi yangu itanitetea. Walitaka nisambaze lile libarua, nikasema hapana, watu hawatasoma. Nikaandika neno moja linaloeleweka." Aliingiza mkono mmoja kwenye shati safi. "Sasa afande, kama Mama Sare alisoma, kwa nini hakuitoa?"

Inspekta alikuwa amejipanga njiani jinsi atakavyomwambia. Alikuwa na sentensi tatu, za pole, zinazofuatana. Alipomwona anatafuta mkono wa pili wa shati, zote zilimtoka, likabaki swali.

"Nyumbani kwako, breka ikishuka, wewe uko kazini. Mkeo anakupigia simu. Unamwambia afanye nini?"

"Hiyo tu? Namwambia achomoe pasi, kisha airudi..."

Mkono wake ulibaki hewani, nusu ndani ya shati. Kutoka chumba cha simu ilisikika sauti ya Koplo, imeshaanza kukauka: "Sikiliza, mzee. Iache chini. Iache hivyo hivyo."

Mkewe alimtazama mumewe, akamtazama Inspekta, asielewe kwa nini swali rahisi kama lile limemshinda mtu aliyeishi na umeme miaka ishirini. Basi akamsaidia.

"Airudishe," alisema. "Mara moja. Si ndivyo ulivyoandika?"